SOMO LA CHAMA: NGOZI INAYOKATAA JUA NA ASILIMIA YA KILEMA



Katika darasa letu la Jumapili pale Ruharo, Mbarara, swali moja limetufikia kwa vinywa vitatu. Kwanza aliliuliza mzee mmoja, askari mstaafu ambaye sasa ni mlinzi wa lango la kiwanda. Ngozi ya uso, masikio na mikono yake huwasha, hupasuka na kuacha makovu kila akisimama juani, na daktari amemwandikia kilema cha asilimia 10. Kisha akaliuliza dada mmoja mchumaji wa chai kutoka upande wa Buhweju, ambaye ana shida kama hiyo na hajaandikiwa chochote. Wa tatu ni ndugu yetu mkimbizi wa Nakivale anayepata kibarua cha kupakia nguzo zilizotiwa dawa. Wote watatu wanataka kujua jambo moja: hiyo asilimia inatoka wapi, na ikiwa ni ndogo mno, mtu anaweza kuipinga kwa hoja gani?

Tumeona tujibu kwa maandishi ili kila tawi lisome.

Tuanze na fedha, maana ndiko kunakouma. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000 inasema kwamba mfanyakazi aliyeumia kazini akawa hawezi tena kazi maisha yake yote, fidia yake ni mshahara wa miezi 60. Aliyepungukiwa kwa sehemu tu hulipwa sehemu ya hiyo miezi 60 kwa kadiri ya asilimia yake. Chukua mtu wa mshahara wa shilingi 200,000 kwa mwezi. Miezi 60 ni shilingi 12,000,000. Akiandikiwa asilimia 10 atapata 1,200,000. Akiandikiwa asilimia 30 atapata 3,600,000. Tofauti ni shilingi 2,400,000, nazo zote zimekaa katika tarakimu moja ambayo daktari huiandika kwa muda mfupi kuliko ule wa kufunga kamba za viatu.

Majedwali ya asilimia namna hii yana asili yake kwa askari. Mwaka 1917, Uingereza ikiwa katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali yake ilitoa jedwali la pensheni kwa askari waliolemaa. Aliyepoteza miguu miwili, au macho yote, alihesabiwa asilimia 100. Aliyepoteza vidole viwili vya mkono alipewa asilimia 20. Lakini tazameni jambo hili: katika kundi lile la asilimia 100 waliingizwa pia askari walioharibika uso vibaya sana. Mtu huyo ana mikono yake na miguu yake. Anaweza kubeba gunia. Hata hivyo wale mabwana wa pensheni, ambao hawakuwa watu wa huruma nyingi, walikubali kwamba ngozi na sura vinaweza kumnyima mtu mkate wake hata kama viungo vyake vyote vipo.

Jedwali la Uganda lina umbo lilelile la kuhesabu viungo: mkono, kidole gumba, jicho, sikio. Lilitengenezwa na watu waliofikiria mashine na shoka. Hapo ndipo wengi hukwama. Mfanyakazi anafunguliwa jedwali, haoni ugonjwa wake, anakunja karatasi na kwenda nyumbani. Na mwajiri humsaidia kuikunja.

Lakini sheria yenyewe haikuishia kwenye jedwali. Inasema wazi kwamba jeraha ambalo halikutajwa humo litapimwa kwa kadiri lilivyopunguza, kwa kudumu, uwezo wa mtu wa kupata kipato. Tunawaomba msome tena sentensi hiyo. Kwa ugonjwa usiomo katika jedwali, swali si vipele ni vingapi wala kovu ni kubwa kiasi gani. Swali ni hili: kazi uliyokuwa ukifanya, na kazi nyingine unazoziweza, ni kiasi gani zimekutoka mkononi kwa sababu hiyo?

Tufanye hesabu ya mfano. Mchumaji wa chai hulipwa kwa kilo. Tuseme alikuwa akipata shilingi 240,000 kwa mwezi. Ngozi yake imekataa jua na daktari amesema itabaki hivyo. Amehamishiwa kufagia ndani ya ghala kwa shilingi 160,000. Amepoteza 80,000, yaani theluthi moja ya kipato. Theluthi ya miezi 60 ya mshahara wake wa zamani ni shilingi 4,800,000. Daktari akimwandikia asilimia 5 kwa kuwa “ni vipele tu”, basi amepima kitu ambacho sheria haikumwuliza. Ofisa wa Kazi anaweza kuona hesabu kwa namna nyingine, akasema kwa mfano kwamba mama huyu angeweza kupata kazi ya ndani yenye malipo bora. Hilo lina nafasi ya kujadiliwa. Lakini mjadala uwe juu ya kipato, usiwe juu ya vipele.

Sasa kabla ya asilimia kuna kizingiti, nacho tusikifiche. Ni lazima kilema kiwe kimetokana na kazi. Sheria ina milango miwili: ajali iliyotokea katika kazi, na ugonjwa wa kazi uliomo katika orodha ya sheria, ambao daktari amethibitisha kuwa umetokana na kazi hiyo. Kwa hiyo jina la ugonjwa lina uzito mkubwa. Haitoshi kusema “ngozi inaniwasha juani”, maana mambo mengi huifanya ngozi ikatae jua.

Lipo kundi linalotoka moja kwa moja katika kazi. Lami, na kriosoti ile nyeusi inayopakwa nguzo, vikigusa ngozi halafu jua likapiga, ngozi huungua kuliko jua peke yake lingeweza kuiunguza. Ndugu yetu wa Nakivale anapakia nguzo za namna hiyo, na anasema maumivu hupungua siku za mawingu. Hiyo ni habari ya maana sana na daktari aisikie. Utomvu wa baadhi ya mimea hufanya vivyo hivyo. Anayekamua ndimu nyingi kisha akatoka juani ataona mikono imebabuka na kubaki na madoa meusi. Mara nyingi hali hii hupona mtu akiondolewa kwenye kitu hicho, na hapo hakuna kilema cha kudumu, bali kuna siku za kazi zilizopotea. Siku hizo nazo zina malipo, ila sheria haimwajibishi mwajiri kwa jeraha lisilomzuia mtu kazi walau siku 3 mfululizo.

Kisha kuna lupasi. Huu ni ugonjwa ambao kinga ya mwili humgeukia mwenyewe, na huwashika wanawake zaidi. Kazi haiuleti, lakini jua huuwasha kama petroli. Huanza kwa mabaka usoni, masikioni na kichwani, na ile aina ya ngozi huacha makovu na kuua mizizi ya nywele. Vitabu vingi huonyesha mabaka mekundu kwa sababu picha zake ni za Wazungu. Kwenye ngozi yetu baka huwa jeusi au la zambarau pembeni na jeupe katikati, na wahudumu wengine hulidhania kuwa mba au ukurutu. Kama umepewa mafuta ya mba kwa mwaka mzima na baka linazidi kuacha kovu, omba barua ya kwenda kwa daktari wa ngozi. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara, pamoja na Chuo Kikuu cha Mbarara, wanao.

Dawa nazo ni sababu. Doksisaiklini, na dawa za jamii ya Septrin, huweza kumfanya mtu aungue na jua upesi. Usiache dawa kwa ajili hiyo. Mwambie aliyekupa, na mwambie msimamizi akupe kazi ya kivulini mpaka umalize.

Na kuna ugonjwa mmoja ambao tungependa kila mwakilishi wa shamba aujue kwa macho, nao ni pelagra. Ngozi inayopigwa na jua, yaani mikono, miguu na kuizunguka shingo kama mkufu, huwa nyeusi, hukauka na kubanduka. Tumbo huharisha, na akili huchanganyikiwa. Asili yake ni kukosa vitamini inayoitwa niasini, na huwapata watu wanaokula mahindi karibu peke yake. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 17,000 waliokuwa Malawi walishikwa nao, baada ya karanga kukosekana katika mgao wao wa chakula. Pelagra haitafutiwi asilimia. Hutibiwa kwa vidonge vya niasini na chakula, ikapona. Lakini mahali ambapo wafanyakazi hupewa posho ya unga mtupu, au ambapo mgao wa wakimbizi umepunguzwa kama ulivyopunguzwa Uganda mara kadhaa tangu mwaka 2020, mwakilishi akiona shingo mbili tatu zenye mkufu huo asiseme ni jua. Ni suala la chakula na mshahara, na alipeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Turudi kwa mzee wetu na asilimia zake 10. Kwa vile yeye ni askari, tulitazama jinsi nchi nyingine zinavyopima ngozi za askari wao, na tulilopata kwa Wamarekani linafaa kujulikana na wafanyakazi pia.

Katika vita vya Vietnam, Marekani ilinyunyiza dawa ya kupukutisha majani ya msitu iliyoitwa Agent Orange. Askari wake wengi walirudi nyumbani wagonjwa. Baada ya kubishana kwa miaka mingi, na sheria ikapitishwa mwaka 1991, serikali ilikubali orodha ya magonjwa ambayo askari aliyekuwa kule hana haja ya kuthibitisha yalitoka wapi. Mmoja katika orodha hiyo ni aina ya pofiria inayofanya ngozi ya mikono na uso itoke malengelenge juani. Lakini waliweka sharti: ugonjwa uwe umejitokeza ndani ya mwaka mmoja tangu askari aguswe na dawa ile. Waliochelewa kumwona daktari walikosa nafasi hiyo, hata kama ngozi zao zilikuwa zilezile.

Jedwali lao la ngozi, kama lilivyorekebishwa mwaka 2018, linapima kwa njia mbili na kuchukua ile inayomfaa mgonjwa. Njia ya kwanza ni eneo. Ugonjwa ukishika kuanzia asilimia 5 mpaka chini ya 20 ya ngozi, kilema ni asilimia 10. Kuanzia 20 mpaka 40, kilema ni 30. Ukizidi 40, kilema ni 60. Njia ya pili ni dawa: anayehitaji dawa za kumeza au sindano karibu wakati wote katika mwaka hupewa 60, na anayezihitaji kwa jumla ya wiki 6 au zaidi hupewa 30.

Siri iko katika neno moja la njia ya kwanza. Eneo hilo hupimwa kwa mwili wote AU kwa ngozi isiyofunikwa na nguo. Kiganja chako pamoja na vidole ni karibu asilimia 1 ya ngozi yako yote. Tuseme mabaka ya mzee wetu, yakikusanywa, yanajaa viganja 6. Ukipima kwa mwili wote, hiyo ni asilimia 6, na kilema chake ni 10. Lakini ngozi yake iliyo wazi, yaani uso, shingo na mikono, tuseme ni viganja 12. Viganja 6 katika 12 ni nusu, na kilema kinapanda mpaka 60. Mtu ni yuleyule na mabaka ni yaleyale. Jua halipigi mgongo uliofunikwa na shati, kwa hiyo kuujumlisha mgongo mzima katika hesabu ni kuupunguza ugonjwa kwa makusudi.

Jambo jingine la kwao limo katika hukumu ya mahakama ya rufani ya askari wastaafu, mwaka 1994. Mahakama ilisema kwamba ugonjwa wa ngozi unaokuja na kuondoka unatakiwa kupimwa wakati umechachamaa, si wakati umelala. Ni jambo la akili ya kawaida, lakini ilibidi liende mahakamani. Kwetu sisi mtu hupangiwa kupimwa mwezi wa mvua, baada ya majuma matatu ya kukaa nyumbani, ngozi imetulia, na daktari anaandika alichokiona.

Sheria ya Marekani haimfungi daktari wa Mbarara wala Ofisa wa Kazi. Msiende ofisini mkasema “Marekani ni 60”, watawacheka. Mnachoweza kuchukua ni njia ya kufikiri: pimeni ngozi inayopigwa na jua, pimeni dawa zinazotumika, pimeni wakati ugonjwa umeamka. Kisha mambo hayo matatu myapeleke kwenye swali la sheria yetu, yaani kipato kilichopotea.

Kwa hiyo barua ya daktari inatakiwa iwe na nini? Iwe na jina la ugonjwa. Iseme uko wapi mwilini na ni viganja vingapi. Iseme unaamshwa na jua au na kitu fulani cha kazini, na kwa nini daktari anaamini hivyo. Iseme mgonjwa haruhusiwi kufanya nini: kusimama langoni saa sita mchana, kuchuma chai bila kivuli, kugusa kriosoti. Iseme kama hali ni ya kudumu. Asilimia ije mwisho. Asilimia isiyo na sababu chini yake ni rahisi kuangushwa, na asilimia yenye sababu hata mwajiri huifikiria mara mbili. Picha za simu zina faida kubwa: piga siku ngozi imechachamaa, tarehe ionekane, na andika ulifanya kazi gani siku hiyo na saa ngapi. Daftari la kurasa 32 linatosha.

Mwajiri apewe taarifa mapema, kwa mdomo au kwa maandishi, na sisi tunasema iwe kwa maandishi mbele ya mwakilishi wa tawi. Msiache mwezi upite. Mkitofautiana na mwajiri juu ya kiwango cha kilema, ombeni Ofisa wa Kazi wa wilaya apeleke shauri kwenye bodi ya madaktari ya usuluhishi ambayo sheria imeiweka kwa kazi hiyo.

Mzee wetu alikuwa na shida ya pili. Sheria ya fidia ya wafanyakazi haiwahusu askari walio katika utumishi wa jeshi, ambao wana taratibu zao za pensheni na madaktari wao. Mwajiri wake alipojua kuwa alikuwa jeshini, alisema: “Ugonjwa huu umetoka nao kambini, nenda kadai huko.” Jibu ni kwamba askari mstaafu aliyeajiriwa langoni ni mfanyakazi kama mwingine. Kilichompata jeshini akidai jeshini, kilichompata langoni akidai kwa mwajiri, na karatasi za pande hizo mbili zikae katika bahasha mbili. Karatasi ya kutoka jeshini inayoonyesha alikuwa na ngozi safi siku anatoka ni silaha yake kubwa. Wastaafu wanaosoma hapa waitafute leo, kabla panya hawajaitafuta.

Ndugu wa Nakivale nao huambiwa kwamba sheria si yao. Sheria inasema inahusu ajira yote ndani ya Uganda, na haikuuliza mtu alizaliwa wapi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi. Tatizo lao ni ushahidi, maana kibarua hulipwa mkononi bila karatasi. Andikeni tarehe, mahali, malipo, na majina ya wawili waliofanya kazi pamoja nanyi.

Wenzetu wenye ualbino hatuwezi kuwasahau katika somo hili, ingawa shauri lao ni la namna nyingine. Ualbino si ugonjwa wa kazi na hauna fidia. Lakini ni ulemavu unaotambuliwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Uganda ya mwaka 2020, na kumbagua mtu kazini kwa ajili yake ni kosa. Mbarara iko karibu na ikweta na juu ya mita 1,400 hivi, ambako jua ni kali kuliko linavyohisiwa, kwa sababu hewa ni ya baridi. Kumpanga mtu mwenye ualbino kupalilia mchana kutwa wakati kuna kazi ya mizani ndani ya kibanda ni kumpeleka kwenye saratani. Macho yao pia huumizwa na mwanga, na hapo Ruharo kuna kituo cha macho cha hospitali ya misheni ambacho watu husafiri kutoka mbali kukifuata. Hicho kituo si cha wenye ualbino tu. Saratani ya ngozi nyembamba ya jicho, ambayo jua na VVU huichochea, huwapata watu wengi wa kwetu, nayo huanza kama uvimbe mdogo mweupe pembeni ya mboni. Ukiuona usingoje.

Na msimamizi akisema jua ni la Mungu si la kampuni, mwambieni kwamba mwezi wa Novemba 2023 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu ya pamoja: katika kila vifo vitatu vya saratani za ngozi zisizo za aina ya melanoma, kimoja kinatokana na kufanya kazi juani. Kwa mwaka 2019 peke yake walihesabu karibu watu 19,000. Orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi, ya mwaka 2010, inataja magonjwa yanayoletwa na mionzi ya urujuanimno. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumkata mfanyakazi senti. Kofia ya ukingo mpana na shati la mikono mirefu ni vifaa vya kujikinga kama ilivyo glavu. Katika mapatano yajayo matawi ya chai yaandike kofia kwa jina, na kibanda cha kivuli kwenye mizani, na zamu ya walinzi langoni ibadilishwe kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri.

Limebaki swali la nauli, ambalo dada wa Buhweju aliliuliza mwishoni wakati watu wameshaanza kunyanyuka. Jeraha likishakubaliwa kuwa la kazi, gharama za kutibiwa, za dawa na za kusafiri kwenda kutibiwa ni za mwajiri, kwa kiasi cha haki. Kwa hiyo mtu wa Juru au Rubondo anayepanda boda na kisha teksi kwenda Mbarara aombe risiti, na kama dereva hana risiti, aandike kiasi na tarehe katika daftari lilelile na dereva atie sahihi.